Maswali yenu: si kila “in-” ni “si”

Barua zilizolundikana safari hii karibu zote zinahusu maneno ya Kiingereza yanayoanza na “un-”, “in-”, “dis-”, “non-” na ndugu zao. Zinazofanana nimeziunganisha. Zile ambazo kamusi yoyote ya mfukoni ingezijibu kabla hamjamaliza kuziandika, nimeziacha. Na nyinyi mnaouliza kila mara kama “irregardless” ni neno, jibu limo humu. Likateni, mlibandike ukutani.

Mwalimu, kwenye pipa la kemikali kazini pameandikwa “inflammable”. Mwenzangu anasema kilichomo hakiwaki, kwa sababu “in-” ni “si”. Tumebishana hadi zamu imekwisha. Nani yuko sahihi?

Kinawaka, tena upesi. Mwambie mwenzako aweke kiberiti mbali kwanza, sarufi baadaye.

“In-” ya hapa haikanushi chochote. Kilatini kilikuwa na “in-” mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni ya kukanusha, kama katika “invisible”, kisichoonekana. Nyingine ni ya kuingia ndani au kuingia katika hali fulani, kama katika “inhale”, kuvuta pumzi. “Inflammable” imetokana na kitenzi “inflammare”, kutia moto, na ukoo huohuo umezaa “inflammation”, neno ambalo madaktari hulitumia kwa uvimbe wenye joto na maumivu.

Kosa la mwenzako ni la siku nyingi, na limewahi kuwakosesha usingizi watu wenye dhamana kubwa. Miaka ya 1920 shirika la Marekani la kukinga moto, National Fire Protection Association, lilihimiza “flammable” itumike kwenye maandishi ya tahadhari, ili asitokee mtu wa kusoma “in-” akadhani yuko salama. Ndiyo maana leo kuna “flammable” na “inflammable”, maana moja, na kisichowaka kinaitwa “nonflammable”. Wafaransa wao wametulia na lao: kinachowaka ni “inflammable”, kisichowaka ni “ininflammable”, “in-” mbili zimefuatana, moja ya kila aina.

Nina ugomvi wa zamani na vijitabu vinavyopanga jedwali: un- ni si, in- ni si, dis- ni si, a- ni si, kariri, funga kitabu. Jedwali hilo ndilo linalomfikisha mtu kwenye pipa akiwa na sigara mdomoni. Kiambishi kinakupa swali la kuuliza, yaani kinageuza nini hapa, kwa namna gani, na kama kweli kinageuza. Jibu linatoka kwenye neno zima. Na kwenye pipa, tafuta mchoro kabla ya maneno: mraba uliosimama kwa pembe, kingo nyekundu, mwali mweusi katikati. Huo hauna kiambishi.

Tangazo la nyumba linasema ni “inhabitable”. Ninunue?

Inakalika. Neno limetoka kwenye “inhabit”, kukaa mahali, kwa hiyo ni “in-” ileile ya ndani. Isiyokalika ni “uninhabitable”. Hata Shakespeare, katika tamthilia yake moja, alitumia “inhabitable” kwa mahali pasipokalika, kwa hiyo usijione mjinga. Wewe ukiandika, andika “habitable” umalize. Kuhusu kununua, kalikague paa. Wauza nyumba hawaandiki “uninhabitable” hata kama popo ndio wenyeji.

“Irregardless” ni neno?

Limo kwenye kamusi kubwa za Kimarekani, na pembeni yake pameandikwa kwamba si sanifu. Tumia “regardless”, yaani “bila kujali”. Na tafadhali mwache kunitumia picha za kamusi kama ushahidi: kamusi huorodhesha kile watu wanachosema, matusi yakiwemo.

Majibu ya picha ya tumbo yangu yanasema “liver: unremarkable”. Huyu daktari ananidharau?

Amekupa habari njema kwa lugha kavu ya kazi yake. Mtaalamu wa picha anatafuta jambo la kulitaja. Asipoliona, anaandika “unremarkable”, yaani ini lako halina cha kuripotiwa. Usiombe kuwa na ini la kusisimua.

Kwa kuwa tumeingia hospitali, tusitoke haraka. “Non-reactive” kwenye kipimo cha virusi maana yake kipimo hakikuona kilichotafutwa. Kwa kawaida hilo ni jibu hasi, ila kuna kipindi cha mwanzo cha maambukizi ambapo kipimo hakijaweza kuona, na ndiyo sababu wengine huambiwa warudi. “Indeterminate” ndilo linalonitia hofu zaidi. Msomaji mmoja aliniandikia akishangilia kwamba “in-” imemwokoa. Haijamwokoa. “Indeterminate” ni kwamba jibu bado halijapatikana, kipimo kirudiwe. “Asymptomatic” ni kutokuwa na dalili. Hakuna aliyesema huna ugonjwa, na mtu asiye na dalili anaweza kabisa kumwambukiza mwingine. “Renal insufficiency” haina maana kwamba figo hazipo. Zipo, ila hazifanyi kazi inayotosha.

Watu huchukua karatasi hizi wakazilisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, usiku, peke yao, kisha wakalia hadi alfajiri kwa sababu ya herufi mbili. Muulize daktari ukiwa bado uko mbele yake. Hiyo ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Nimesoma kwamba mgogoro fulani uliamuliwa na “a disinterested judge”. Hakimu asiyejali anaamuaje kesi?

Huyo ndiye hakimu wa kumtafuta kwa tochi. “Disinterested” ni asiye na maslahi: hana hisa katika kampuni inayoshtakiwa, hana shemeji upande wa mlalamikaji, hapati wala hakosi kitu kwa vyovyote kesi itakavyokwenda. Anaweza kuwa makini hadi jasho linamtoka. Asiyejali, anayepiga miayo na kuchungulia saa wakati shahidi anasema, huyo ni “uninterested”.

Shida inaanzia kwenye “interest”. Neno hilo lina maana ya kuvutiwa na lina maana ya maslahi, na kila kiambishi kimechukua maana yake: “un-” ikabeba kuvutiwa, “dis-” ikabeba maslahi. Usitafute mantiki. Katika karne ya 17 “disinterested” ilitumika kwa mtu asiyejali, na “uninterested” kwa asiyependelea upande, kisha baadaye yakabadilishana viti. Leo wapo Waingereza na Wamarekani wengi, wenye shahada zao, wanaotumia “disinterested” kwa maana ya kuchoshwa. Mimi nashikilia tofauti, kwa sababu “disinterested” ikipotea hakuna neno linalokaa sawasawa mahali pake. Lakini ukiandika jambo zito, mkataba au barua ya kuomba msuluhishi, usimwekee msomaji mtego. Andika “impartial”, hakuna atakayeuliza.

Mwanangu aliambiwa shuleni kwamba “un-” ni kukanusha, basi akatafsiri “untie the rope” kuwa “usifunge kamba”. Amekosa alama. Nimteteeje?

Usimtetee mtoto, mtetee dhidi ya jedwali. Amefuata alichofundishwa.

Kiingereza kina “un-” mbili, asili mbalimbali. Ya kwanza hukaa mbele ya sifa na kukanusha: “unhappy”, asiye na furaha. Ya pili hukaa mbele ya kitenzi na kurudisha nyuma kilichokwisha kufanyika: “untie”, “unload”, “undress”. Kijerumani kimezitenganisha mpaka leo, “unglücklich” kwa asiye na furaha na “entladen” kwa kupakua. Kiingereza kiliziacha zikafanana, kikawatupia walimu mzigo.

Ajabu ni kwamba mwanao ana kila kitu anachohitaji kwenye lugha yake. Anajua kufunga na kufungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bandika na bandua, pakia na pakua, vaa na vua. Hiyo ni kauli ya kutendua, na “un-” ya vitenzi ndiyo kazi yake. “Undo” ni kutendua kwenyewe. Mtoto asingeweza hata siku moja kuchanganya “sikufunga” na “nilifungua”, angeonyeshwa tu kwamba ndiyo tofauti inayozungumzwa. Badala yake akapewa “un- ni si”, na lugha yake mwenyewe ikaachwa nje ya darasa kana kwamba ingechafua sakafu.

Tofauti hii ina uzito nje ya darasa pia. Chukua sentensi ya ripoti ya wizi: “the door was unlocked”. Je, mlango ulikutwa haujafungwa kwa ufunguo, au kuna mtu aliufungua? Kiingereza kinavumilia zote mbili. Kiswahili hakikuachii: lazima useme haukuwa umefungwa, au ulifunguliwa, na katika kesi ya aliyekabidhiwa ufunguo hiyo ndiyo kesi nzima. Nimeona tafsiri za maelezo ya namna hii zikichagua upande mmoja bila kumuuliza aliyesema. Mtafsiri makini anarudi kwa shahidi.

“Unlockable” ndiyo kilele chake. Likate “un” na “lockable”, ni kisichofungika. Likate “unlock” na “able”, ni kinachofungulika. Fundi vitasa akikuletea neno hilo kwenye ankara, mwambie aandike sentensi kamili.

“Unlike”, “dislike”, “unlikely”: si kitu kimoja hivi?

Hapana. “Dislike” ni kutopenda, “unlikely” ni jambo lisilotarajiwa kutokea, “unlike” ni tofauti na. Kwenye mitandao ya kijamii “unlike” ni kutendua: umeondoa alama uliyobonyeza, hujasema umechukia. Ukitaka kuchukia, kuna njia nyingine.

Na kabla hamjaniandikia kulaani “unfriend” kama uhuni wa vijana: mwaka 2009 kamusi ya New Oxford American ililichagua kuwa neno la mwaka, lakini Kiingereza cha karne za kati kilikwisha kuwa na “unfriend” kwa mtu asiye rafiki.

Nitajuaje neno hili linachukua “un-” na lile “in-”? Nipe kanuni moja.

Kanuni moja haipo, na anayekuuzia moja anakuibia. Ninachoweza kukupa ni mielekeo.

“Un-” ni ya Kiingereza cha asili na hukubali kukaa na karibu neno lolote. “In-” ilikuja na maneno ya Kilatini na Kifaransa na hupenda kubaki na hao iliokuja nao. Ndiyo maana kuna “unlawful” na “illegal”, “unreadable” na “illegible”, jozi ambazo kila moja ina mwenyeji na mgeni. Sifa zinazoishia na “-ed” au “-ing” mara nyingi huchukua “un-”: utasema “incomplete”, lakini “uncompleted”. Kisha kuna wasaliti wanaobadilisha kiambishi pindi sifa inapogeuka kuwa nomino: “unable” lakini “inability”, “unstable” lakini “instability”, “unequal” lakini “inequality”, “unjust” lakini “injustice”. Hawa wakariri, hakuna njia ya mkato.

Kuhusu “in-” kugeuka “im-”, “il-” na “ir-”, nashangaa mnavyolalamika. Nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, na hakuna aliyewahi kusema nyumba “nbaya”. Ulimi wako unaigeuza “n” kuwa “m” mbele ya “b” tangu hujaanza shule. “Impossible” na “imbalance” ni jambo lilelile. Mbele ya “l” ni “illegal”, mbele ya “r” ni “irregular”.

Hapo ndipo makosa ya tahajia yanapotoka pia. Kiambishi hakili herufi ya neno. “Un” na “necessary” vinazaa “unnecessary”, n mbili. “Dis” na “satisfied”, s mbili. Lakini “disappoint” ni “dis” na “appoint”, kwa hiyo s moja na p mbili. Mnaandika “dissapoint” kwenye barua za kuomba kazi, halafu mnashangaa simu haiiti.

Kwenye jarida la ofisi niliandika “our infamous director” nikidhani ni zaidi ya “famous”. Ameniita ofisini kwake.

Nenda na maombi ya radhi yaliyoandikwa. “Infamous” ni mwenye sifa mbaya, aliyejulikana kwa uovu. Rais Roosevelt wa Marekani, tarehe 8 Desemba 1941, alipoita siku ya shambulio la Pearl Harbor siku itakayodumu katika “infamy”, hakuwa anaipongeza.

Huenda ulikuwa unamtafuta “invaluable”, na hapa utanielewa kwa nini nayachukia majedwali. “Invaluable” ni sifa kubwa kabisa: thamani yake haikadiriki. Asiye na thamani ni “worthless”, na hilo ukimwandikia mkurugenzi hata radhi haitakusaidia. Tazama tu kinachokanushwa. Katika “invaluable” kinachokanushwa ni uwezo wa kukadiria, thamani yenyewe haikuguswa. “Priceless” imefanya vivyo hivyo kwa mkia badala ya kichwa.

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo. Mkaguzi wa hesabu ametoa “unqualified opinion” na wanachama wanataka afukuzwe kwa kukosa sifa. Nifanyeje?

Wazuie, upesi. Mmepata hati safi.

“Qualify” ina maana mbili. Ya kwanza, kuwa na sifa zinazotakiwa, na hapo “unqualified doctor” ni mtu wa kumkimbia. Ya pili, kuwekea kauli sharti, kuipunguza makali kwa “ila” na “isipokuwa”. Mkaguzi anatumia ya pili. “Unqualified opinion” ni kauli isiyo na “ila”: hesabu zinaonyesha hali halisi, basi. Mkaguzi akiwa na “ila” yake, anatoa “qualified opinion”, ambayo ndiyo hati yenye shaka. Kwa hiyo chama kinachoshangilia “qualified” na kufukuza mtoa “unqualified” kimegeuza dunia miguu juu. Na siku mkaguzi akiwaandikia “disclaimer of opinion”, msipumue kwa kuwa hakuwalaumu. Maana yake hakupata ushahidi wa kutosha hata kutoa maoni, na huo ni wakati wa kumtafuta mweka hazina.

Hamkuuliza, lakini nawajibu: karatasi za fedha zimejaa maneno ya namna hii, na safu hii ingeweza kufa na kuzikwa ikiyarudia. “Unlimited” kwenye intaneti ya simu inapendeza. “Unlimited liability” kwenye usajili wa biashara maana yake deni la biashara linaweza kuifuata nyumba yako na gari lako. “Unsecured loan” haisemi mkopo ni wa hatari kwako wala kwamba ni wa utapeli, inasema hukuweka dhamana, na hatari hiyo mkopeshaji huitoza kwenye riba. “Unconditional” inasikika kama upendo wa mama mpaka uikute kwenye fomu ya mdhamini: umeahidi kulipa pasipo sharti, na visingizio vyako vyote umeviacha mlangoni. “Irrevocable”: huwezi kutangua. Ukikuta kiambishi cha kukanusha kwenye karatasi inayosubiri sahihi yako, uliza ni nani anayenyimwa kitu hapo. Mara nyingi ni wewe.

“Immoral” na “amoral”?

“Immoral” anajua lipi ni baya na analifanya. “Amoral” kipimo cha wema na ubaya hakimhusu: mtoto mchanga, paka, mvua. Kumwita mwizi “amoral” ni kumsaidia.

Kwa nini wengine husema “unprofessional” na wengine “non-professional”? Tofauti ni mtindo tu?

Tofauti ni kubwa kuliko mtindo. “Non-” huweka mtu nje ya kundi, kwa ubaridi, bila kumhukumu. “Un-” mara nyingi huja na kidole cha lawama. Mpiga picha “non-professional” anapiga kwa mapenzi yake, siyo kwa riziki. Mpiga picha “unprofessional” amechukua malipo ya awali na hapokei simu.

Bunge la Marekani lilijua linachofanya mwaka 1938 lilipounda kamati ya kuchunguza mienendo “Un-American”. Ingekuwa “non-American”, ingewahusu raia wa nchi nyingine. Kwa “un-”, iliwageukia Wamarekani wenyewe waliotuhumiwa kutokuwa Wamarekani ipasavyo, na watu walipoteza kazi chini ya silabi hiyo. Vivyo hivyo “nonhuman” ni mbuzi, “inhuman” ni mtesaji. Ukiandika taarifa ya kazi kuhusu mwenzako, pima vizuri kabla hujachagua.

Je, “uncle”, “until” na “uniform” nayo ni ya kukanusha?

La. “Uniform” ina “uni-”, moja. Na angalieni vidole vyenu: “uniformed officer” ni askari aliyevaa sare, “uninformed officer” ni askari asiyejua kinachoendelea. Herufi moja tu, na gazeti linaitwa mahakamani.

“Misinformation” na “disinformation” zimetuchosha. Ni kitu kimoja?

Habari yenyewe inaweza kuwa ileile, neno kwa neno. Kinachotofautiana ni nia. “Misinformation” ni habari ya uongo, hata kama anayeisambaza anaiamini: shangazi yako anayetuma dawa ya kitunguu kwenye kundi la familia kwa moyo safi. “Disinformation” imetungwa au inasambazwa makusudi ili kupotosha. Kwa hiyo ukimtuhumu mtu kwa “disinformation”, umesema unajua kilichomo moyoni mwake, na uwe na ushahidi.

“Mis-” kwa jumla ni kufanya vibaya, “dis-” ni kuondoa au kutenga. “Misuse” ni kutumia vibaya, “disuse” ni kuacha kutumia. “Misplaced” ni funguo ulizosahau ulipoziweka. “Displaced” ni watu waliofukuzwa makwao na vita au mafuriko. Niliwahi kusoma taarifa iliyozungumzia “misplaced persons”, kana kwamba kuna mtu aliwaacha juu ya kabati.

Kama kuna “disgruntled”, mwenye kinyongo, mbona hakuna “gruntled”?

Lipo, lakini lilizaliwa kwa utani karne ya 20, likanyofolewa kutoka kwenye “disgruntled”. “Dis-” ya humo haikanushi. Inaongeza nguvu, juu ya kitenzi cha zamani cha kunung’unika. “Unkempt” nayo ilikuwa asiyechana nywele, “uncouth” ilikuwa kisichojulikana. Wazazi wao wa upande wa ndiyo wamekufa au wanaishi kwa vichekesho. Msijitungie wengine.

Bosi wangu ameandika kwenye tathmini yangu: “Your work has been not unsatisfactory.” Hasi mbili si zinazaa chanya? Nimwombe nyongeza ya mshahara?

Hesabu ni hesabu, lugha ni lugha. “Not un-” haikurudishi ulikoanzia. Inakuacha katikati, mahali ambapo kazi yako haikumridhisha lakini pia hakupata cha kukuandikia onyo. Watu wanaopenda kuandika hivi huwa wanakwepa jambo, na anachokwepa bosi wako ni neno “good”, ambalo ni fupi, analijua, na angeweza kuliandika kwa wino uleule. Nyongeza isubiri. Mwulize kwanza, kwa upole, ni kipi ambacho nusura kiwe “unsatisfactory”.